Kifupisho kinakutaka ufanye nini? Nilivyojifunza kusoma herufi za operesheni za ndege

Mimi ni dispacha wa ndege, kituo changu ni Dar es Salaam. Kabla ndege haijaondoka kuna mtu ardhini anayepanga itapita wapi, ibebe mafuta kiasi gani, ikishindwa kutua inakokwenda ikimbilie uwanja gani, na hali ya hewa ya huko kote ikoje. Mtu huyo ni mimi, au mwenzangu wa zamu. Rubani akifika tunazipitia karatasi pamoja, tukikubaliana tunasaini, naye anakwenda zake. Mtu wa nje akizishika karatasi zenyewe ataona herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, vifupisho juu ya vifupisho, na namba zilizobanana bila nafasi ya kupumua.

Naandika kwa ajili ya vijana wanaoanza, wa urubani, wa udispacha, wa kuongoza ndege, hata wa kaunta ya abiria. Kila mwaka nawaona wakiingia na orodha ndefu waliyoikariri, na bado karatasi inawashinda. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina kitabu kizima cha vifupisho, Doc 8400, na darasani nasi tulikaririshwa sehemu kubwa ya yaliyomo. Ukiulizwa NDB unajibu, ukiulizwa DME unajibu, unapata alama zako. Sina ugomvi na kukariri. Lakini kirefu cha kifupisho ni mlango tu, na wengi wanabaki mlangoni.

Aliyenionyesha jinsi ya kuingia ndani ni kapteni mmoja mtu wa Tanga, sasa amestaafu. Alikuwa akija kaunta kuchukua karatasi, anaweka kidole juu ya kifupisho kimoja na kuuliza, "Hiki kinakutaka ufanye nini?" Ukimtajia kirefu, anakutazama tu, kidole hakiondoki. Alitaka kusikia ni kitu gani kinabadilika: mafuta, mzigo, uwanja mbadala, saa ya kuondoka. Au umwambie hakuna kinachobadilika, na useme kwa nini. Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi, na ndilo ninalowauliza vijana wangu leo.

Tuanze na herufi moja tu, Z. Ndege duniani kote zinatumia saa ya aina moja, UTC, na kwenye karatasi inawekwa Z mwishoni: 0300Z, 1545Z. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 0300Z ni 06:00 kwa saa ya ukutani. Mpaka hapo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafika. Tatizo ni kwamba sisi tuna saa ya tatu, ile tunayoitamka. Dereva wa basi la wahudumu haambiwi "njoo 06:00". Anaambiwa njoo saa kumi na mbili asubuhi. Mtu mgeni akiona 0300Z, ulimi unamponyoka anasema "saa tatu", na dereva mwenye akili timamu anaelewa saa tatu asubuhi, wakati ndege ilipaswa kuwa imeondoka saa nyingi. Kuna kanuni ndogo ambayo naipenda kwa sababu ni ya kwetu: chukua saa ya Z, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili (ikizidi kumi na mbili punguza kumi na mbili, isipofika moja ongeza kumi na mbili). 0400Z ni saa moja asubuhi. 1500Z ni saa kumi na mbili jioni. 0030Z ni saa tisa na nusu usiku. Na ikivuka 2100Z kumbuka tarehe: kwenye karatasi bado ni 14, ukutani tayari ni 15, na kwa dereva sema "usiku wa kuamkia tarehe 15", hapo hakuna atakayekosea.

Kwa hiyo Z inanitaka nifanye nini? Inanitaka nisimpe mtu yeyote saa kabla sijajua anatumia saa ipi kati ya hizo tatu. STD, ile saa ya kuondoka iliyopangwa, kwenye tiketi ya abiria imeandikwa kwa saa ya mahali. Kwenye mpango wa safari imeandikwa kwa Z. Safari ni moja, namba ni mbili, na watu wawili wanaweza kubishana simuni wote wakiwa sahihi.

Hali ya hewa nitaipitia haraka, maana METAR na TAF zina vitabu vya kutosha. METAR ni hali ilivyo sasa hivi uwanjani, TAF ni utabiri. BKN008 ni mawingu yaliyofunika sehemu kubwa ya anga, chini yake ikiwa futi 800 juu ya uwanja. CAVOK ndiyo neno zuri kuliko yote kwenye zamu ya usiku: mwonekano kilomita 10 au zaidi, hakuna wingu chini ya futi 5,000 wala la radi, hakuna mvua wala ukungu wa kuhangaisha. Ila nataka niseme jambo moja kuhusu herufi CB. Kwenye ripoti ya hali ya hewa, CB ni lile wingu kubwa la radi ambalo rubani hulizunguka mbali. Kwenye logi ya ufundi ya ndege, CB ni swichi ya usalama ya umeme, ile inayojifyatua umeme ukizidi. Fundi akikuandikia "CB" anazungumzia nyaya, mtu wa hali ya hewa akikuandikia "CB" anazungumzia mbingu. RA nayo hivyo hivyo: ni kimo kinachopimwa kwa mawimbi ya redio kutoka tumboni mwa ndege hadi ardhini, na ni amri ya mtambo wa TCAS kumwambia rubani apande au ashuke kukwepa ndege nyingine. Kabla hujauliza kifupisho kinataka nini, tazama kimeandikwa wapi na nani.

Sasa NOTAM, na hapa nataka tukae.

NOTAM ni taarifa kwa watu wa anga kwamba kitu fulani kimebadilika: barabara ya kurukia imefungwa, taa hazifanyi kazi, kuna kreni imesimama karibu na uwanja. Zinakuja nyingi, kurasa kwa kurasa, na nyingi hazikuhusu. Tarehe 7 Julai 2017 huko San Francisco, ndege ya Air Canada ilikaribia kutua usiku juu ya njia ya pembeni ambako ndege nne zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri kuondoka. Ilifika kama futi 60 juu ya ardhi ndipo ikapaa tena. Barabara ya kurukia iliyo sambamba na ile waliyopangiwa ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa, na habari hiyo ilikuwemo kwenye karatasi zao, ndani ya lundo la nyingine. Ndiyo maana nasema kusoma NOTAM ni kuchambua, na mchambuzi ni lazima ajue anachokitafuta.

Usiku mmoja tulikuwa na safari ya alfajiri kwenda uwanja mmoja wa bara. Kijana wa mafunzo alikuwa amezipanga karatasi vizuri, kila ukurasa mahali pake. Kapteni akafika. "Shikamoo, Kapteni." "Marahaba, mwanangu." Akafungua ukurasa wa NOTAM, kidole kikatua: ILS, namba ya barabara ya kurukia, GP U/S.

Kijana akakitaja kirefu cha ILS, kirefu cha GP, na kwamba U/S ni kitu kisichofanya kazi. Hakukosea hata herufi moja.

"Kirefu chake nilikijua kabla hujazaliwa," Kapteni akasema taratibu. "Niambie mafuta yanabadilikaje."

Hebu tufuate uzi wenyewe. ILS ni mtambo wa ardhini unaotuma miale miwili. Mmoja unaiweka ndege katikati, isiende kulia wala kushoto. Wa pili, huo GP, unaiweka kwenye mteremko sahihi, kwa kawaida nyuzi 3, ambao ni kama futi 300 kwa kila maili ya baharini. Miale yote miwili ikiwa hai, aprochi, yaani ile njia ya kushuka kwa kutegemea vyombo, ya daraja la CAT I inaweza kumfikisha rubani hadi futi 200 juu ya barabara kabla ya kulazimika kuiona kwa macho. GP ukifa, unabaki na mwale mmoja wa katikati. Mtambo unaitwa bado ILS kwenye karatasi, lakini sasa ndege haiongozwi tena kimo, na kiwango cha chini kinapanda, mara nyingi hadi futi 400 au zaidi, na mwonekano unaotakiwa unaongezeka.

Funua TAF ya uwanja ule: TEMPO, BKN004, asubuhi ileile ya kufika kwetu. Yaani kwa vipindi, mawingu ya futi 400. Kwa futi 200 mawingu hayo hayatusumbui. Kwa kiwango kilichopanda, ndege inaweza kufika, isione kitu, na kuondoka. Kwa hiyo uwanja mbadala unahitaji kuwa mzuri kweli. Na huo mbadala nao una kanuni zake: kwa kampuni nyingi, mbadala wenye aprochi isiyoongoza kimo unapangwa kwa kuongeza futi 200 na mita 1,000 za mwonekano juu ya kiwango chake cha kawaida. Mbadala wa karibu ukashindwa mtihani huo. Tukahamia wa mbali. Mbadala wa mbali ni mafuta zaidi. Mafuta zaidi ni uzito, na uzito wa kuondokea una kikomo, MTOW. Sehemu ya mzigo ikabaki chini.

Kutoka GP U/S hadi maboksi yaliyobaki kwenye toroli. Kijana alikuwa na habari zote mezani tangu mwanzo wa zamu, na hakuna hata moja aliyoifasiri vibaya. Kilichokosekana ni kuuliza kila kifupisho kinamsukuma nani. Tangu hapo sijaona njia bora ya kufundisha vifupisho kuliko kumwambia mtu afuate kimoja hadi kifike kwenye mafuta au mzigo au saa.

Kwenye chati za aprochi, jozi inayowachanganya wengi ni DA na MDA. Zote ni namba za futi, zote zinaandikwa sehemu moja chini ya chati, na zote zinasemwa "minima". DA ni kimo cha kuamua. Ndege inashuka kwenye mteremko unaoongozwa, ikifika hapo rubani ama ameona taa au barabara na anaendelea, ama hajaona na anaanza kupaa. Ndege nzito haigeuki papo hapo, itazama kidogo chini ya DA kabla ya kupanda, na aliyechora chati alishalihesabu hilo. MDA ni sakafu. Hapo hakuna hesabu ya kuzama. Huruhusiwi kwenda chini yake hata kidogo mpaka uwe umeona. Ndiyo maana kampuni nyingi, kwa aprochi zenye MDA, huwataka marubani washuke kwa mteremko mmoja usiokatika na kuongeza futi kadhaa juu, 50 kwa mfano, ili uamuzi ufanyike mapema na sakafu isiguswe. Zamani ilikuwa kawaida kushuka haraka hadi MDA na kwenda sawasawa ukiitafuta barabara kwa macho, mtindo ambao mimi naona vizuri umepungua: ndege kubwa, chini, karibu na ardhi, ndani ya mawingu, na watu wawili wanachungulia nje.

Herufi M moja. DA inasema amua. MDA inasema usishuke. Kwangu mimi hakuna mfano bora wa kwa nini kukariri hakutoshi, maana mtu anaweza kuvitaja virefu vyote viwili kwa ufasaha na bado asijue kwamba kimoja kinaruhusu kuzama na kingine hakiruhusu.

Kisha aprochi za satelaiti, ambako majina yalihama wengi wetu tukiwa kazini. Chati zilizoandikwa RNAV, ICAO ilitaka ziandikwe RNP, Marekani wakabaki na jina lao la RNAV, na kwenye skrini za ndege nyingi bado inasomeka RNV. Aprochi ni ileile. Mistari ya chini ndiyo ya kutazama. LNAV inakuongoza kushoto na kulia tu, kwa hiyo ina MDA. LNAV/VNAV inaongeza mteremko, ina DA. LPV nayo ina DA, hushuka hata zaidi, lakini inategemea satelaiti za kusahihisha mawimbi kama WAAS ya Marekani na EGNOS ya Ulaya. Kijana anayejifunzia kwenye video za Wamarekani hukariri LPV kwa bidii kisha anashangaa kwa nini kwenye karatasi zetu hakuna anayeipangia safari. Ajue kwanza mtambo wa huko hauko hapa.

Na kuna jambo kuhusu LNAV/VNAV ambalo nalisisitiza kila mara, mpaka wenzangu wamelizoea. Mteremko wake kwa kawaida hautoki ardhini kama mwale wa ILS. Unahesabiwa na ndege yenyewe kwa altimita, na altimita inaamini namba moja tu: QNH.

QNH haina kirefu. Imetoka kwenye misimbo ya Q ya waendesha telegrafu wa meli za Waingereza, mwaka 1909 hivi, wakati ujumbe ulikuwa unagongwa kwa nukta na mistari. Ukikutana na mtu anayekupa kirefu chake, amekitunga. Kazi yake iko wazi: ni mgandamizo wa hewa unaouweka kwenye altimita ili isome kimo chako juu ya usawa wa bahari. Hektopaskali moja ni kama futi 28. Kosea 10, umekosea futi 280.

Tarehe 23 Mei 2022, ndege ya Airbus A320 ilikuwa inashuka Paris, uwanja wa Charles de Gaulle, kwenye mvua. ILS ya barabara ile ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo wakapewa aprochi ya RNP, kwa viwango vya LNAV/VNAV. Mwongoza ndege akawapa QNH 1011. QNH ya kweli ilikuwa 1001. Altimita zikasoma juu kuliko ndege ilivyokuwa, mteremko wote ukahama chini, na kila kitu ndani ya chumba cha marubani kikaonekana kimekaa sawa: mshale katikati, kimo na umbali vinalingana na chati. Walipofika kwenye namba yao ya DA hawakuona kitu, wakapaa, kama walivyofundishwa. Kimo cha chini kabisa kilichopimwa na mawimbi ya redio kilikuwa futi 6. Futi sita juu ya ardhi, na barabara ya kurukia bado iko mbele. Mtambo wa ndani wa kuonya ukaribu wa ardhi haukulia.

Nilipoisoma ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa niliisoma tena palepale. Hakuna aliyekuwa mzembe wa wazi. Namba moja ilitamkwa vibaya, ikarudiwa hivyo hivyo na marubani, na aprochi waliyoitumia haikuwa na njia ya kugundua kosa. Tangu hapo nikikabidhi karatasi za safari inayokwenda kwenye aprochi ya namna hiyo, QNH ya METAR naizungushia kalamu, na namwambia rubani: "Kapteni, ukipewa redioni iliyo mbali na hii, uliza tena." Inachukua pumzi moja. Hakuna aliyewahi kuniambia namsumbua.

Kisa cha pili ninachowapa vijana ni cha zamani zaidi. Tarehe 20 Januari 1992, A320 ya Air Inter, kutoka Lyon kwenda Strasbourg, usiku, kwenye aprochi ya VOR na DME, mitambo ya redio ya ardhini inayoonyesha mwelekeo na umbali. Ndege ile inaweza kushushwa kwa kuweka kitufe kwenye mojawapo ya hali mbili: FPA, ambapo unachagua pembe ya mteremko, au V/S, ambapo unachagua kasi ya kushuka. Wachunguzi waliona maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba marubani walitaka nyuzi 3.3, wakaweka 33, lakini mtambo ulikuwa kwenye V/S, na kwa V/S, 33 ni futi 3,300 kwa dakika. Ikagonga mlima Sainte-Odile. Watu 87 kati ya 96 walikufa. Baadaye Airbus wakabadilisha onyesho ili kasi ya kushuka isomeke kwa tarakimu nne kamili.

Naombeni mtazame hapo kwa makini. Wale marubani walikuwa wanajua maana ya FPA na maana ya V/S kuliko mimi. Kilichowapata ni kwamba namba ilisomeka karibu sawa katika hali zote mbili, na herufi ndogo pembeni mwa skrini ndizo pekee zilizobeba tofauti. Herufi zinatakiwa kusomwa kabla ya namba. Ndivyo ninavyosoma mimi hadi leo: kizio kwanza, namba baadaye. Futi au mita. Kilo au pauni. Z au saa ya ukutani.

Nisisahau upande wa kaunta, maana vifupisho vya huko vinadharauliwa. Kuna WCHR, WCHS na WCHC. Zote tatu ni abiria anayehitaji kiti cha magurudumu, na mfanyakazi mwenye haraka huona ni kitu kimoja. WCHR hawezi kutembea umbali mrefu lakini ngazi anapanda mwenyewe. WCHS ngazi haziwezi, ila akishafika ndani anatembea hadi kitini. WCHC anabebwa mpaka kwenye kiti chake. Kwenye uwanja wenye daraja la kuunganisha jengo na ndege, kukosea ni usumbufu mdogo. Kwenye viwanja vyetu vingi, ambako abiria anatembea juani hadi kwenye ngazi za ndege, tofauti ya R na C ni mama mzima anayesimama chini ya ngazi akiitazama, huku binti yake akiuliza nani atambeba. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Yule bibi alikuwa amejitanda kanga vizuri, amekaa wima kwenye kiti, hakulalamika, na mimi nilitamani ardhi ipasuke kwa niaba ya waliomwandika R. Walipatikana vijana wanne wa mizigo, wakaomba radhi, wakasema "Bibi, tushike shingoni," wakampandisha. Lakini ilipaswa kujulikana siku tiketi ilipokatwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa APU, ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa ya kuwashia injini kubwa. Ikiandikwa INOP, yaani haifanyi kazi, kwenye logi, MEL, kile kitabu cha vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka bila ya kuwa navyo, kinaweza kuruhusu ndege iendelee kuruka siku kadhaa. Dispacha asiyeuliza anasema "imeruhusiwa". Anayeuliza anapiga simu kituo cha mwisho kujua kama wana mashine ya ardhini ya kuwashia injini na kama inafanya kazi leo, maana ndege ya jeti ikizima injini zote mahali pasipo na mashine hiyo, itapata kifupisho kipya, AOG, ndege iliyokwama chini, na abiria watalala huko.

Kijana akija kwangu sasa, simpi orodha. Namwambia afungue AIP ya Tanzania, kitabu rasmi cha taarifa za anga za nchi, sehemu ya GEN 2.2, vifupisho vyote vinavyotumika kwenye machapisho yetu vimo, aviangalie anapokwama tu. Kisha nampa chati ya aprochi ya KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Kwenye mkoba wa abiria uwanja huo ni JRO, kwenye mpango wa safari ni HTKJ, na watu wote mjini wanauita KIA, kwa hiyo kazi inaanzia kwenye jina. Namwambia atafute MSA, kimo salama cha chini ndani ya maili 25 za baharini, akitazame sekta kwa sekta. Upande wa kusini atakuta namba moja. Upande wa kaskazini kuna Meru na kuna Kibo, futi 19,341, na juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote lazima ziongezwe angalau futi 1,000. Uwanja wenyewe uko chini ya futi 3,000 kutoka usawa wa bahari. Aniambie ndege inayotoka Nairobi itashuka vipi kutoka juu kule hadi pale, wapi inaruhusiwa kuanza, na aprochi ikishindikana itageukia upande gani. Akishamaliza hilo bila kunitajia kirefu hata kimoja, ndipo tunafungua NOTAM za siku hiyo.